Bi Kazija Afika Songo Mnara

Meli ambayo Ridhiwani aliuahidi ukoo wake kwa mapumziko ilikuwa na ghorofa mbili, viti vya kujilaza na bwawa la kuogelea. Hiyo kwenye picha. Iliyowapokea gatini Kilwa Masoko Jumamosi asubuhi ilikuwa boti ya mbao yenye injini moja, turubai lililotoboka, na viti sita vya plastiki kwa watu ishirini na sita. "Picha ni ya mfano tu," nahodha akasema, wala haya hakuona.

Batuli akapanda, akamshikia mama yake kiti kimoja. Yeye ni shangazi yake Ridhiwani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mchokoa pweza tangu usichana wake. Kila bamvua, bahari inapokupwa na kuacha miamba wazi, utamkuta huko na chuma chake mkononi, gauni kalifunga kiunoni, na kwa kazi hiyo kasomesha watoto wanne. Lakini simu yake ni ya tochi, na safari ilipangwa kwenye kundi la WhatsApp. Alipopata habari alimpigia Ridhiwani huko Dar es Salaam, akamwambia siku hiyo mwezi utakuwa tarehe kumi na tano, maji yatatoka mno. Ridhiwani akacheka. "Shangazi, haya ni mapumziko, hatuendi pweza." Jumamosi hiyo ndiyo waliyopatia likizo wote, basi, imekwisha. Ukoo mzima wa watu wa pwani, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuutazama mwezi.

Habari za bwawa Batuli hakuzijali. Lake lilikuwa moja. Mama yake, Bi Kazija, mwenye miaka themanini na tatu, alitaka kufika kisiwa cha Songo Mnara kwenye kaburi la mama yake, yule ambaye Batuli kapewa jina lake. Miaka kumi na tisa hajakanyaga huko, miguu imemwishia, na mwakani nani ajuaye. Chupa ya marashi ya kunyunyiza kaburini alikuwa kaikumbatia tangu alfajiri.

Saa nne, kisiwa kinaonekana kabisa, boti ikakwama kwenye fungu la mchanga. Nahodha akazima injini. "Tusubiri maji yajae. Tukinasuka saa nane tunageuza moja kwa moja Masoko, jioni nina watu wengine." Biriani iliyoahidiwa nayo ikatoka: biskuti, na soda za moto. Watoto wakalia, mashemeji wakaanza kurushiana maneno, Ridhiwani akajifanya anatafuta mtandao.

"Kwa hiyo sifiki?" Bi Kazija akauliza polepole.

Batuli akasimama. "Unafika, mama. Ridhiwani, vua viatu."

Akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akashuka, maji yakamfika magotini. Mahali hapo anapajua kama jikoni kwake. "Kushoto tope litawameza hadi kiunoni, kulia miamba inachana nyayo. Kanyageni ninapokanyaga. Saa sita maji yanarudi, kwa hiyo asiniringie mtu hapa."

Bi Kazija akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wakakibeba, Ridhiwani akishika mguu wa mbele. Wakafuatana mstari mmoja, madera yamepandishwa, viatu mikononi. Batuli mbele, anachoma mchanga kwa pondo, anaita, "Hapa pagumu, njooni." Njiani akaona tundu, akatia mkono, akatoka na pweza, akamtupia shemeji aliyelalamikia biskuti. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka. Wakagusa nchi kavu kabla maji hayajaanza kurudi.

Kaburini walisoma Yasini, wakang'oa majani. Bi Kazija akanyunyiza marashi, kisha akaweka kiganja juu ya udongo. "Mama, nimekuja," akasema. "Kanileta somo wako." Batuli akageuka pembeni kufuta machozi, na furaha imemjaa hadi hajui aiweke wapi.

Saa nane maji yalikuwa tele, boti imesogea hadi ufukweni, nahodha anapiga honi. Ridhiwani alikuja na suruali yake ya tope, akasimama mbele ya Batuli, mikono nyuma.

"Shangazi, tuondoke saa ngapi?"

Batuli akamtazama mama yake, kiganja bado kiko udongoni.

"Mama akimaliza."

Ridhiwani akaenda kumwambia nahodha asubiri.