Bamvua Si Mvua

Chama chetu cha kutunza mikoko kimejaa watu ambao hawajawahi kulowa magoti kwa maji ya chumvi. Hukutana Balsall Heath, katika chumba kilicho juu ya mkahawa, ambamo harufu ya bizari hupanda ngazi na kukaa nasi hadi mwisho wa kikao. Birmingham haina bahari. Maji yake ni ya mifereji, hayapandi wala hayashuki, na yamewazoesha wenzangu kudhani kwamba maji yote duniani yana adabu hiyo.

Mimi nilizaliwa kando ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, pwani ya Kenya, na nyumba ya mama yangu ingali palepale. Zamani, kati ya nyumba na hori palikuwa na ukanda wa mikandaa, jamii ya mikoko mifupi inayoota upande wa nchi kavu. Ilikatwa ikawa kuni na fito. Tangu hapo, kila maji ya bamvua yanapokuja, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huingia jikoni kwa mama na kuacha chumvi juu ya mafiga. Ndiyo maana nilijiunga na chama. Sikuwa na sababu nyingine ya kukaa na watu wale.

Mama aliotesha miche uani kwake kwa ajili ya chama, kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Waambie wenzio, mkandaa upandwe panapofika bamvua tu." Niliupeleka kwenye kundi letu la simu kama ulivyo.

Mwenyekiti wetu ni mtu wa bara, na kila sentensi yake huanza na "kitaalamu". Aliposikiliza ujumbe ule alisikia mvua. Akatangaza kwamba mkandaa hupandwa wakati wa mvua tu, akauita mradi Bamvua, akachapisha fulana zenye wingu na matone. Masika yalipofika, vijana wake wa kule nyumbani walichukua nusu ya miche wakaipanda chini kabisa, kwenye tope tupu, mahali peupe na papana panapofaa kwa picha. Picha tulizipata nyingi. Miche ilikuwa imepangwa kwa mistari kama wanafunzi paredini.

Mkandaa si samaki. Hustahimili chumvi kuliko miti mingi, lakini hutaka maji yaufikie mara moja moja, yaondoke, mizizi ipumue. Kule chini maji huja mara mbili kila siku, na hata bahari ikiwa shwari huchelewa kuondoka. Tope lilikaa juu ya majani. Miche ikaoza ikiwa imesimama kwenye mistari yake.

"Kaa ndio waliotuhujumu," mwenyekiti alisema katika kikao kilichofuata. "Na mvua, kitaalamu, ilikuwa haba. Vuli ikianza tutachukua miche iliyobaki, tupande palepale."

Miche iliyobaki ilikuwa ya mwisho. Nikainua mkono. "Mwenyekiti, bamvua si mvua."

Akawatazama wengine huku akitabasamu. "Dada yetu wa Pwani, neno lenyewe lina mvua ndani. Hata mtoto wa darasa la pili anaiona."

"Na mbuzi ana mbu ndani. Wewe humfukuza kwa dawa ya mbu?"

Mama mmoja wa Bukavu alicheka hadi akashika meza. "Sasa mama, hiyo bamvua ni kitu gani? Mutuambie basi."

Nikawaambia: ni maji ya bahari, na mwenye kuyaleta ni mwezi. Wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akafunga kompyuta yake.

"Watu wa Pwani mmefanya Kiswahili siri ya ukoo," alisema. "Haidhuru. Fulana zimeshachapishwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake yote, na kamati ikaipitisha. Nikashuka ngazi, nikasimama mlangoni pa mkahawa, nikampigia mama.

"Wakija kuchukua miche, usiwape."

"Wale wenye mawingu kifuani?"

"Hao hao."

"Walikuja asubuhi, hawakungoja kikao chenu wala vuli. Nimewaambia miche imelala, warudi ikiamka."

"Wakasemaje?"

"Waliniamini, mwanangu. Waliondoka kwa kunyata."

Mama na majirani waliipanda wenyewe, mbele ya jiko, kwenye ule mstari wa majani makavu na vifuu ambao bamvua huuacha likirudi. Fulana moja iliyosahauliwa uani walibebea miche.

Sasa mwenyekiti hututumia utabiri wa mvua wa kule nyumbani, na wanachama humshukuru kwa kazi nzuri. Mimi hungoja mwezi ujae juu ya mapaa ya Saltley, hapa Birmingham, kisha humpigia mama kumuuliza maji yamefika wapi.

"Jikoni," hunijibu. Miche bado ni mifupi kuliko sufuria yake. "Lakini safari hii yamepita kwa miche kwanza."