"Thou" Iliyotuletea Darasa la Tano

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Karagwe mnajua, Kiingereza hakikuokotwa redioni. Shuleni kwetu Nyaishozi, madarasa manne ya udongo na nyasi, kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja tu: kitabu cha sala cha mwalimu wetu, kimechakaa na kinanuka moshi. Basi Kiingereza chetu kikawa cha kanisani. Asubuhi tulipita migombani kwenye umande, tumboni kiporo cha ndizi na maharage, midomoni maneno ya kumwomba Mungu.

Humo ndimo tulimokutana na "thou". Mwalimu alisema maana yake ni "wewe", akaendelea na mengine. Lakini wewe gani? Kwetu msichana alimwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti, sembuse kumwita "wewe" kavukavu. Mimi na rafiki yangu Koku tukajadiliana njiani, tukakata shauri: kama Mungu mwenyewe anaitwa "thou", hilo ndilo neno la wakubwa. Lile "you" la kawaida tukawaachia watoto na mbuzi.

Mwaka huo akaja mkaguzi wa shule, Mwingereza mrefu mwenye masharubu mekundu, kuamua kama tupewe darasa la tano. Tukilikosa, wavulana wangepelekwa bweni la mbali. Sisi wasichana, ndiyo basi. Baba alikwisha kuniambia, "Ukimaliza la nne, jembe lako lipo nyuma ya mlango." Nililia siku nzima, maana shule niliipenda kupita kiasi.

Nikachaguliwa kumkaribisha mgeni. Nikapiga magoti, nikamnyooshea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama tunavyowapa wageni, nikasema kwa sauti, "Thou art welcome."

Akaniuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini umeniita hivyo?"

"Bwana, Mungu tunamwita hivyo," nikajibu. "Wewe ni mgeni, tena mkubwa. Ningekuitaje kwa neno dogo?"

Alicheka mpaka akavua kofia. Akatueleza kuwa neno hilo ni la zamani, kwao limebaki kwenye sala na kwa wazee wachache wa vijijini. Tena hapo kale wakubwa hawakuitwa hivyo. Walioitwa hivyo ni watoto na watu wa nyumbani. "Mara ya mwisho," alisema, "bibi yangu aliniita hivyo nikale chakula."

Mwalimu alikuwa akitokwa jasho. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kumbe nilikuwa nimemkaribisha mzungu mzima kama mtoto wangu.

Akatupia kahawa mdomoni, akamgeukia mwalimu. "Huyu amefikiri mwenyewe. Asiishie la nne."

Darasa la tano tukalipata. Baba mwenyewe alikata miti ya kulijengea, na kila penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, alijisifu kwamba binti yake alimwita mzungu mtoto, na mzungu akashukuru.

Leo wajukuu zangu Kiingereza kinawatoka kama maji. Wananirushia "hai, bibi" huku macho yako kwenye simu, na kabla sijaitikia wameshapita. Nawacheka, ingawa asubuhi zile za umande nazitamani mno. Wao shule waliikuta inawangoja. Mimi yangu niliipigia magoti, nikainuka nayo.