Gari Langu Lilikataa Kuwaka Siku ya Dua

(Aliyetuletea kisa hiki ameomba asijulikane, nasi tumeficha jina lake.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Rwezamenyo hapa Kigali, nauza vitambaa. Nina mke, au niseme nilikuwa naye, maana sasa yuko kwao Kagarama na sijui kama atarudi. Someni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, kwa sababu kisa chenyewe kinaanza na gari na mtadhani nafanya mzaha.

Vita vilipoanza kule kaskazini, Mbelgiji mmoja aliyekuwa mwalimu alifunga virago, akaniuzia gari lake. Dogo, jekundu, fupi nyuma, na mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake. Watoto wa mtaa walikuwa wakiligusa kwanza ndipo wanisalimie. Lakini uzuri wenyewe uko chini ya boneti. Injini zenu zina pistoni zinazopanda na kushuka. Yangu haina hata moja. Ndani kuna chuma cha pembetatu kinachozunguka tu, ndiyo maana halitetemeki. Ukisimama njiani kumsalimia mtu, unaweza kudhani limezima.

Mwanzo nilikuwa nalitukana. Kigali ni milima mitupu, na gari hili ukilipandisha kwa gia kubwa linalegea kama lina njaa. Kisha nikalielewa. Lirudishe gia ya pili, kanyaga mafuta bila huruma, hapo linaanza kuimba kama cherehani. Mshale unapanda, nguvu hazikatiki, mpaka kengele ndogo inalia kukwambia badilisha gia sasa. Nilikuwa naendesha mpaka Kanombe bila shughuli yoyote, niisikie tu hiyo kengele kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Kwenye kona ni jepesi, linageuka kabla hujamaliza kufikiri. Petroli linakunywa kama mlevi, na oili nayo linaila kidogo kidogo, ndivyo lilivyoundwa. Mke wangu alikuwa ananicheka. "Mke mwenzangu ameamkaje?" ananiuliza asubuhi. "Yeye unampima oili kila siku, mimi hata homa huniulizi!"

Lina mwiko mmoja tu, na yule mwalimu alinikanya sana: ukiliwasha likiwa baridi, usilizime mpaka lipate moto. Ukiliwasha, ukalisogeza hatua chache na kulizima, petroli inajaa ndani, plagi zinalowa, na baada ya hapo utazungusha stata mpaka betri ife. Mke wangu nilimfundisha hilo. Mama sikumwambia, mama hata usukani hajawahi kuushika.

Mimba ilikuwa yetu ya kwanza, baada ya kungoja mpaka watu wakaanza kusema. Mwezi ulipofika, mama, ambaye tunaishi naye, akaandaa dua. Aliwaalika wanawake wa mtaa wamwombee mkwewe ajifungue salama. Asubuhi hiyo nilikwenda dukani kwa miguu, maana petroli ilikuwa adimu na niliyokuwa nayo niliiweka kwa safari ya hospitali. Gari nililiacha uani, ufunguo ukutani.

Uchungu ulimshika katikati ya dua. Nikaitwa, nikaja mbio. Gari nililikuta nje ya lango, lakini sikuwa na nafasi ya kuuliza. Jirani mmoja alitaka kukimbilia teksi, mama akamzuia: "Teksi ya nini? Gari si iko hapa!"

Nikageuza ufunguo. Stata inazunguka, gari kimya. Nikageuza tena, harufu ya petroli ikanijia puani. Watu wakasukuma, wanawake wanasoma dua kwa sauti, na mke wangu kiti cha nyuma analia, "Washa gari, baba, washa, nakufa!" Betri ilipokufa ndipo teksi ikatafutwa. Mtoto alizaliwa humo njiani. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Baada ya mazishi, jirani yetu dereva wa lori alikuja kunipa pole kabla ya safari yake ya Bukavu. "Hata mimi ile gari imenishangaza," akasema. "Asubuhi mama yako aliniomba niitoe kwa uwanja, apate kutandika mikeka ya dua. Nikawasha, nikaiweka hapa nje, nikazima. Iliwaka vizuri kabisa!" Hakujua alichoniambia. Nilimshukuru, akaenda zake.

Mke wangu alipotoka hospitali alipitiliza kwao. Neno lake la mwisho, akiwa bado kitandani hospitalini, lilikuwa moja: "Ile injini haikatai bure, ulinifundisha mwenyewe. Nani aliiwasha asubuhi? Kama ni wewe ulikwenda kutembea nayo, sema." Nikamjibu sijui. Aliniangalia, akageukia ukutani.

Kwetu mke akirudi kwa wazazi wake, mume hamfuati peke yake. Unakwenda na wazee na vinywaji, unaketi mbele ya wakwe, unaulizwa kosa lako, na usipolitaja humpati mtu. Siku yetu imepangwa, arobaini yake ya uzazi ikitimia. Nikisema ni mimi, baba mkwe ameshaapa hatamrudisha binti yake kwa mtu aliyechezea gari siku kama ile. Nikisema ukweli, mke wangu hatalala tena nyumba moja na mama, nami ndiye mwana pekee, sina pa kumpeleka. Na mama mwenyewe akijua? Ana presha, hali chakula, anashinda analilaani gari. Naogopa nitamzika na yeye.

Leo asubuhi ameipiga pasi kanzu yangu. Anasema tutakwenda wote. "Wewe unyamaze tu, mwanangu," ananiambia. "Mimi nitaongea. Nitampigia magoti huyo binti, akusamehe kosa lako."

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nimwache mama apige magoti?