Pawa Saplai Mbili za Mikdad

Mume wangu hakuiba pawa saplai, kile kifaa cha kuipa kompyuta umeme, ya hospitali. Naanza na hilo kwa sababu binti yetu Hajra ameletewa posa kutoka Msata, na maneno ya watu yamefika huko kabla ya majibu yetu.

Marehemu Mikdad alitunza seva, kompyuta kubwa ya kumbukumbu za wagonjwa, katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Bagamoyo. Seva ile ilipokea umeme kupitia pawa saplai mbili: moja ilichomekwa kwenye umeme wa kawaida, ya pili kwenye betri. Moja ikifa, nyingine ilibeba mzigo wote, naye akaichomoa mbovu na kupachika nzima huku mashine ikiendelea na kazi, kama mtu anayembadilishia mgonjwa mto bila kumwamsha. Zile mbovu aliruhusiwa kuzileta nyumbani, akatoa feni zake. Moja ya hizo ndiyo iliyoonekana kabatini kwangu.

Jirani wa hospitali, Mzee Kibwana, alifiwa na mkewe wakati nyaya za nyumba yake zimeungua. Soketi ya betri ilikuwa dirishani, upande wa nyumba yake. Mkubwa mmoja wa hospitali akaagiza wafiwa wapewe soketi ile kwa ajili ya taa na kipaza sauti cha hitima. Mikdad akamweleza kuwa ni ya seva.

"Watu wamefiwa, Mikdad. Utawanyima umeme kwa ajili ya kompyuta?"

Akawapa. Pawa saplai ya pili akaichomeka pamoja na ya kwanza, kwenye umeme uleule. Taa zote mbili zikabaki kijani. Ukitazama, huoni kasoro. Yeye tu hakutulia. Chakula kilimpoa mbele yake. Nikamwambia aende akaurudishe waya wa seva kwenye soketi ya betri.

"Mama Hajra," akasema, "nani anakwenda kudai soketi matangani?"

Nikamfunikia chakula chake.

Kabla tanga halijaanuliwa, umeme wa mji ukakatika. Pawa saplai zote mbili zikazima kwa pamoja, diski zikaharibika, kumbukumbu nyingi zikapotea. Yule mkubwa akasema hajui habari ya soketi yoyote. Mikdad akafukuzwa, na ile mbovu ya kabatini ikageuzwa ushahidi wa wizi. Hakujitetea. Hakutaka Mzee Kibwana asikie kuwa hitima ya mkewe ndiyo iliyoleta hasara. Hakupata kazi nyingine, na mwaka uliofuata presha ikamchukua.

Mzee Kibwana naye ametangulia, ndiyo maana leo naandika.

Aliyetoa amri ile alikuja kwenye mazishi ya Mikdad. Alishika jeneza kwa mbele, akalia kuliko ndugu zetu. Watu wa Msata wameniuliza ni nani. Mikdad aliniomba nisimtaje, na mume wangu sikuzoea kumvunjia neno lake akiwa hai. Nimesema hakuiba. Zaidi ya hapo sisemi, hata posa ikivunjika.