Spidi ya Desemba

Tangu Mum apigwe na stroke, singeweza kutoka nyumbani. Ukimwacha peke yake anajaribu kusimama, anaanguka. So ile kazi ya mtandaoni ya kusikiliza rekodi na kuandika vile watu wamesema ilikuwa ni kama imeshonewa mimi. Kampuni yenyewe ilikuwa inataka Kiswahili cha mtaani, na hicho sikufunzwa shule. Shule yenyewe niliwachia darasa la nane.

Shida ni masharti yao ya intaneti. Hotspoti ya simu hawataki. Spidi isikuwe ya kupanda na kushuka kama homa. Na lazima intaneti yako ipimwe kwanza. Sasa ploti yetu hapa Kiamunyi, wapangaji wote tuko na waifai moja, tunachanga, na ruta inakaa kwa jirani, mama wa mapacha.

Nilipima Desemba. Watu wote wameenda ocha, kwao mashambani, tumebaki mimi, Mum na kuku wa keateka, yule mwangalizi wa ploti. Spidi ikapaa! Nikapita. Nikamwambia Mum, "Sasa hapa ni ofisi. Ukinitaka piga hodi." Akacheka na ule upande wa uso ulio mzima.

Januari watu wakarudi. Rekodi unasikilizia kwa mtandao wao, ikikatika yote umeandika inapotea. Mzee fulani anaanza, "Kwa maoni yangu..." inasimama hapo, inazunguka. Maoni yake sijayajua mpaka leo.

Nikaenda kwa mama wa mapacha. "Mathe, tafadhali, zimia watoto katuni kidogo. Niko job."

"Job gani na malapa?"

Waliokuwa wanafua wakacheka. Hata mimi nikacheka.

"Mathe, hii ndio inafanya nisimwache Mum."

Akaenda akazima. Lakini mlango ule mwingine wanatazama mpira, huku nyuma ni kanisa laivu. Utapiga hodi ngapi?

Wakaniandikia intaneti yangu haifikishi kiwango, wakafunga akaunti.

Siku hizi niko mjengo, nabeba mawe huko Milimani. Asubuhi namkalisha Mum kwa kiti, namfunga na leso asianguke, thermos naweka upande wa mkono wenye unashika. Maneno yake hutoka polepole, na bado huniita baba.

"Baba, usikaze sana."

Nalegeza. Tunaagana. Nikifika geti narudi, nakaza leso tena, na yeye anaangalia tu ukuta.