Kisigino cha Kushoto

Watu walimwita Saa, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Walisema ukitaka kujua dansi linakwendaje, usitazame ukutani, sikiliza mguu wa yule bwana. Alipiga dramu katika bendi ya ukumbi mmoja nyuma ya soko, na siku za kazi alikuwa fundi wa mafriji, kazi aliyoifanya vizuri bila mtu kumtungia jina. Jukwaani ndipo alipokuwa Saa. Kiongozi wa bendi alipowatambulisha wanamuziki alimwacha wa mwisho, akavuta pumzi, akasema, "Na kwenye dramu, Saa," ukumbi ukapiga makofi, naye akainamisha kichwa kidogo kama mtu asiyependa sifa. Alizipenda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakutia maji. Kosa lake lilikuwa jingine: aliamini kila alichoambiwa.

Upande wake wa kushoto alisimama mdogo wake na gitaa la besi. Huyu hakuwa na jina la jukwaani. Waliomtaja walisema "mdogo wake Saa", basi, wakaishia hapo. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipopiga alitazama sakafu, hata wapo waliodhani amedondosha kitu. Wazazi wao walikufa mapema, na Saa ndiye aliyemlea, akampeleka shule, na alipoona kijana hana hamu ya vitabu wala ya friji akamtafutia gitaa kuukuu la nyuzi nne.

"Utasimama hapa," alimwambia siku ya kwanza ukumbini, akimwonyesha ukingo wa lile jukwaa dogo la mbao lililobeba dramu, ambalo alilipigilia misumari kwa mkono wake. "Mguu mmoja juu ya ubao, mmoja chini, ili unisikie vizuri."

Mdogo akasimama hapo, na hakuhama tena mpaka alipoanza kuumwa.

Alikufa kwa figo, kabla hata watu hawajazoea kumuulizia hali. Saa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na kulikuwa na waliosema kwamba hata siku ile hatua zake hazikupishana. Alilisikia hilo, na katikati ya uchungu wake likamfariji kidogo. Binadamu ndivyo alivyo.

Bendi ilipumzika, kisha ikarudi na mpigaji besi mpya, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole mwenye vidole vinene. Wimbo wa kwanza wa mazoezi ulianza salama. Ulipofika ubeti wa pili ukaanza kukimbia. Mwimbaji akakosa pahala pa kuvuta pumzi. Kisha wimbo ukajishtukia, ukapunguza mwendo, ukawa unajikokota kama mgonjwa anayesindikizwa chooni. Saa alisema mgeni anamvuta. Wiki iliyofuata alisema ni unyevu wa ukumbi. Baada ya hapo akailaumu pedali ya ngoma kubwa, kama yule asiyejua kucheza anavyolaumu uwanja.

Masikini pedali ile ilikiona cha moto. Aliipaka mafuta, akaibadilisha mkanda unaovuta nyundo ya kupigia ngoma, akaikaza springi mpaka ikawa haishuki bila kuegemewa na mwili mzima. Naye akaongeza nguvu. Nyumbani aliiweka mbele ya godoro lililokunjwa, akalitwanga kila jioni akitoka kwenye mafriji yake.

"Hilo godoro limekukosea nini?" mkewe alimuuliza.

"Nafanya mazoezi."

"Mimi naona unapigana."

Saa akazidi kukanyaga. Ngoma ikivuma sana hupasuka, alijua hivyo kama kila mtu anavyojua, lakini alihofia zaidi ile nafasi ya ukimya baina ya pigo na pigo. Zamani hakuwa akiisikia. Sasa kila mguu wake ulipoinuka alijiona kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta kidato hakipo.

Kiongozi wa bendi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwita nyuma ya jukwaa, akatoa simu, akamsikilizisha mazoezi yaliyorekodiwa. Saa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na masikio mazuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya, na masikio mazuri siku nyingine ni adhabu.

"Jumapili ijayo ukumbi unafunguliwa tena baada ya ukarabati," Kiongozi alisema. "Kila mtu anakuja. Ndugu yangu, unajua nakuheshimu. Lakini kinanda chetu kina dramu ndani yake. Ukifika siku hiyo hujatulia, mpiga kinanda atabonyeza kitufe, na wewe utapumzika."

"Mpaka lini?"

"Tutaona."

Na mtu mzima akiambiwa tutaona, anajua hakuna kitakachoonekana.

Kesho yake akaenda kwa mwalimu wake wa zamani. Mzee huyu alikuwa amekula kwa vijiti vyake vya dramu maisha yake yote, hotelini, melini, studio, kokote alikoitwa, na hakuwahi kufanya kazi nyingine. Sasa magoti yalikuwa yamekataa kukunjika, naye alikaa kwa binti yake, katika chumba chenye kochi, redio na dirisha la kutazamia uchochoro. Habari za Saa zilikuwa zimemfikia, naye alikuwa ametuma neno: njoo na pedali peke yake, vijiti viache.

Saa aliiweka pedali sakafuni ikielekea ubavu wa kochi, akaanza. Mzee alifumba macho.

"Unazika nyundo," alisema baada ya muda.

"Naizikaje, Mwalimu?"

"Ukipiga, unaibana palepale. Hairudi. Ngoma inataka kusema, wewe umeiziba mdomo. Nani amekukazia springi hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Mzee aliinama kwa taabu, akailegeza springi kwa vidole vyake mwenyewe, akaisukuma nyundo kidogo na kuiachia. Ikaenda, ikagusa kochi, ikarudi.

"Umeona? Kwenda ni kazi yako. Kurudi ni kazi yake, usiiingilie. Teremsha kisigino. Kaa kwenye kiti kama mtu aliyekuja kukaa, si kama anayengoja kuitwa."

Saa alijaribu. Mlio ukawa mwingine, mnene na mlegevu, mlio aliokuwa ameusahau. Akatabasamu. Lakini hata kabla tabasamu halijakauka, mwendo ulikuwa umeanza kukimbia tena, na safari hii hapakuwa na springi ya kusingizia.

"Mguu sasa ni mzima," Mwalimu alisema. "Mwendo ndio haumo. Nani alikuwa anakubeba?"

"Kunibeba vipi? Mwalimu, mimi ndiye Saa."

"Najua wanavyokuita. Nilikuja kuwasikiliza mara moja, magoti yangu yakiwa bado yananitii. Wewe sikukutazama sana. Nilimtazama mdogo wako mguu."

"Mguu wake umeingiaje hapa?"

"Nenda katazame alipokuwa anasimama."

Saa alisimama, akaichukua pedali yake. Alikuwa amekasirika, na hasira ikamtoa adabu kidogo. "Kama uliona kitu, kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Nyumba imesimama, watu wamelala ndani, niende kutikisa nguzo ili iweje?" mzee alisema.

Ukumbi ulikuwa wazi mchana ule, mafundi wakipaka rangi ukuta wa mbele. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipanda jukwaani, akaufunua ukingo wa zulia jipya upande wa kushoto, mahali ambapo mgeni hakuwahi kusimama kwa sababu hakuna aliyemwalika. Ubao ulikuwa na shimo. Si tundu, ni bonde dogo, upana wa kisigino, laini na jeusi, kama lile ambalo kinu hujichimbia sakafuni. Mbao nyingine zote zilikuwa tambarare.

Alikaa kwenye kiti chake cha dramu. Akanyoosha mkono, akagonga lile bonde kwa kifundo cha kidole, taratibu, kwa mwendo wa wimbo wowote. Ubao ule ulikuwa mmoja mpaka chini ya kiti, aliuchagua mwenyewe mrefu ili usiwe na kiungo. Pigo likapita chini yake, likapanda mguu wa kiti, likaingia mgongoni.

Alilijua. Lilikuwa mgongoni mwake miaka yote, kila usiku wa dansi, na yeye alidhani ni moyo wake.

Usione vyaelea, vimeundwa. Alikaa pale na mkono ukining'inia, akamlilia mdogo wake kama ambavyo hakuwahi kumlilia makaburini, kwa sababu siku ile alimlilia mtoto aliyemlea, na leo alikuwa akimlilia mtu aliyemlea yeye. Mafundi wa rangi walipunguza sauti ya redio yao, wakageukia ukuta.

Jioni alikwenda kwa shemeji yake. Mjane huyo alimkaribisha jikoni, akaendelea kuchambua mchele, maana walikuwa wamezoeana.

"Shemeji," Saa alisema, "ulijua?"

Hakuuliza kujua nini. Aliweka sinia chini, akaingia chumbani, akarudi na jozi ya viatu vyeusi vya jukwaani. Kile cha kulia kilikuwa karibu kipya. Cha kushoto kisigino kilikuwa kimepigiliwa kipande cha chuma, na chuma chenyewe kilikuwa kimelika upande mmoja.

"Kila mara mimi ndiye nilikuwa nakipeleka kwa fundi viatu," alisema. "Kimoja tu. Fundi akawa ananitania, eti nimeolewa na nusu mtu."

"Na yeye alisema nini?"

"Nilimwambia, watu wanamshangilia kaka yako kwa kazi yako, mbona humwambii? Akasema, 'Kaka akijua ataanza kusikiliza, na akianza kusikiliza atakosea.' Nikamwambia hata hivyo si haki. Akacheka. Akasema, 'Nilipokuwa mdogo nilikuwa nashindwa kulala mpaka anishike mguu. Hakuwahi kumwambia mtu.'"

Saa aliinamia vile viatu. Alikuwa amelisahau hilo la kushika mguu. Watoto wawili kwenye kitanda kimoja, nyumba haina mtu mzima, na mdogo anaogopa.

"Chukua," shemeji yake alisema.

Havikumtosha, mguu wa marehemu ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo alikipeleka cha kushoto kwa yuleyule fundi viatu, pamoja na kiatu chake mwenyewe, akamwomba ang'oe chuma hapa akipigilie pale. Fundi alikitambua kile chuma. Hakutania.

Mwalimu, alipoelezwa, alitoa ushauri mmoja tu. "Mguu wa kulia ufunge. Fanya kushoto peke yake. Vidole vibane pedali ya zile sahani mbili za shaba zinazogongana, kisigino kigonge ubao. Uimbe kwa mdomo, kigonge, basi. Wa kulia usiuruhusu mpaka uwe unakuomba."

Siku zilizobaki mkewe hakusikia godoro likipigwa. Alisikia chuma kikigonga kipande cha ubao, pole pole, na mumewe akiimba kwa sauti mbaya. Hakuuliza. Jioni moja alileta kiti, akakaa karibu na kumenya vitunguu, na baada ya muda Saa aliona kisu cha mkewe kinashuka kwa mwendo ule ule. Hapo ndipo alipouruhusu mguu wa kulia.

Asubuhi ya Jumapili alimtafuta Kiongozi na kumweleza yote, la bonde na la kiatu, bila kujificha nyuma ya kitu. Lilikuwa jambo zito kulitamka. Mtu mwenye umri wake kusema sifa aliyoivaa miaka yote haikuwa yake, si mchezo.

"Kwa hiyo usiniite lile jina," alimalizia. "Nikipiga au nisipopiga."

"Nikuiteje?"

"Sijui. Utaona mwenyewe."

Dansi lilianza mchana, madirisha yakiwa wazi, rangi mpya ikinukia. Shemeji yake alikaa karibu na ukuta, mkoba mapajani. Mpiga kinanda alikuwa na kidole juu ya kile kitufe, na Saa alikiona. Alimwita mpigaji besi mpya kwa kichwa, akamwonyesha ukingo wa jukwaa, ambako zulia lilikuwa limekunjwa.

"Simama hapa. Mguu mmoja juu ya ubao."

"Ili nikusikie?"

"Ili tusikilizane."

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Mguu wa kulia ulitaka kukimbia mara mbili tatu, kama mbuzi anayejaribu kamba, na kila mara kisigino cha kushoto kikaurudisha. Nyundo ilikwenda, ikarudi yenyewe. Katika wimbo wa pili alikosea, kosa la wazi ambalo hata wachezaji walilisikia. Jasho likamtoka. Akauacha mguu wa kulia kabisa, akabaki na chuma peke yake ubaoni, akahesabu kwa midomo. Yule fundi wa kuchomelea akainamisha kichwa, akatazama sakafu, na kiatu chake kikaanza kugonga kwenye lile bonde. Saa akaingia tena. Wachezaji walikuwa hawajaacha kucheza. Alipotazama kinanda, mikono yote miwili ilikuwa kwenye vitufe vya muziki.

Kabla ya mapumziko Kiongozi alishika kipaza sauti kuwatambulisha, wimbo ukiendelea chini chini. Mwimbaji. Kinanda. Gitaa. Besi, na mgeni akapigiwa makofi ya kumkaribisha. Kisha akavuta pumzi kama kawaida yake, ukumbi ukajiandaa kulisema jina pamoja naye, naye akakawia.

"Na kwenye dramu," alisema, "kaka yake Saa."

Wengi walicheka, wakidhani ulimi umeteleza. Wengine walitazamana. Karibu na ukuta, shemeji yake alifungua mkoba, akatoa leso, akafunika uso. Kaka yake Saa aliinamisha kichwa, na safari hii hakuwa akijifanya, huku kisigino chake kikiendelea kugonga ubao.