Jinsi Dative Alivyomponya Mama Ristin

Waswidi hawana utamaduni. Wana kawaida tu. Utamaduni ni kitu cha wageni, kama malaria, na Dative aliambiwa rasmi kwamba anao siku ile Gun-Britt, muuguzi mkuu wa wodi ya wagonjwa wa akili, aliporudi kutoka semina akiwa amekumbatia jalada jekundu. Ilikuwa mwaka 2009. Dative alikuwa msaidizi wa wauguzi katika wodi hiyo, kusini mwa Stockholm, na mpaka asubuhi ile sifa zake zilikuwa mbili: kutandika vitanda vizuri na kutogombana na mtu.

"Dative," Gun-Britt alimwambia, akimshika mkono kana kwamba ana msiba, "tumepata mgonjwa Msami. Anahitaji mtu mwenye utamaduni. Nimekufikiria wewe moja kwa moja."

Dative alizaliwa Bujumbura, katika nyumba ya mchungaji wa kilokole, nyumba yenye televisheni na friji. Wasami nao ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, wafugaji wa ren, wale paa wakubwa wa nchi za baridi wenye pembe kama matawi. Dative hakuwahi kumwona ren isipokuwa kwenye karatasi za kufungia zawadi za Krismasi. Lakini semina ilifundisha kwamba mgonjwa hutulia akiuguzwa na mtu anayeuelewa ulimwengu wake, na kwa hesabu za Gun-Britt, Mrundi na Msami wote wana mifugo na mababu, basi watajuana. Nyani haoni kundule. Gun-Britt mwenyewe, ambaye kila Juni huzunguka nguzo ya maua akirukaruka kama chura pamoja na ukoo wake mzima, hakuwa na utamaduni hata kidogo.

Mgonjwa aliitwa Ristin, na wodi nzima ilimwita hivyo hivyo, Ristin, kwa sababu Uswidi kumheshimu bibi kizee ni kumwita kama unavyomwita mtoto wa jirani. Dative alishindwa. Alimwita Mama Ristin, na yule mzee, ambaye hakuwa amemjibu mtu sawasawa tangu aletwe, akageuza uso na kumtazama vizuri.

Alikuwa amefiwa na mumewe. Mpwa wake Ante, mfanyakazi wa kiwandani Södertälje, alimtoa kaskazini akamleta kwake ili asikae peke yake. Kisha Ante akapanda kwenda huko huko kaskazini kusaidia kazi ya ren wakati wa vuli, na mzee akabaki peke yake hasa. Mama Ristin alitoka nje akasimama roshani bila koti, akaimba. Majirani walivumilia kidogo, halafu wakawapigia polisi, maana huko jirani akikereka hagongi mlango wako, anagonga mlango wa serikali.

Hata wodini aliimba. Wimbo wenyewe ulikuwa karibu hauna maneno. Sauti ilitoka kooni, ikapanda, ikakatika, ikarudi palepale ilipoanzia, naye amefumba macho. Akiulizwa ni nini hicho alijibu, "Ni Juhan. Yuko hapa." Juhan ndiye marehemu mumewe. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anazungumza na wafu. Dative, binti wa mchungaji, hakuhitaji daktari kwa jambo hilo. Mapepo aliyajua akiyasikia.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho semina yoyote isingekitabiri. Mchana mmoja, wenzake wakiwa kwenye ibada yao ya kahawa na mikate ya mdalasini, alifunga mlango, akamwekea Mama Ristin mkono kichwani na kuomba kwa sauti, kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, shetani asije akasema hakuelewa. Aliiamuru roho ya marehemu itoke. Aliukemea wimbo. Na aliomba kwa upendo wa kweli, machozi yakimtiririka, kwa sababu yule mzee alikuwa ameanza kumpenda.

Mama Ristin alifumbua macho. "Kumbe na wewe ni mchungaji," alisema.

Akanyamaza. Hakuimba tena siku ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Wala hakusema neno.

Wodi ilishangilia. Gun-Britt alinunua keki ya kijani, akamtaka Dative aikate yeye, na ndani ya jalada jekundu ukaingia ukurasa mpya uliosifu uuguzi unaojali asili ya mgonjwa. Alipoulizwa alitumia mbinu gani, Dative alisema, "Nilikaa naye tu," na wote wakaitikia kwa vichwa, kwa hekima. Jumapili, kanisani kwao Farsta, alieleza mbinu yenyewe bila kuficha. Mchungaji Térence akainua mikono na akina mama wakapiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu wakagonga sakafu. Kasoro ilikuwa moja tu: mgonjwa aliyepona alikuwa hali chakula. Uji wa shayiri ulirudi jikoni jinsi ulivyokuja, na sweta likaanza kumning'inia mabegani.

Siku moja simu ya wodi ililia, Dative akaipokea. Alikuwa Ante, akipiga kutoka kaskazini.

"Shangazi anaimba?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Ameacha kabisa," Dative alijibu kwa fahari. "Ametulia."

"Basi mmemmaliza," Ante alisema.

Alimweleza polepole, bila kumfokea, na afadhali angemfokea. Kwao, mtu anayependwa ana wimbo wake. Ukimwimba unamleta karibu, awe amekufa au ametoka tu kwenda dukani. Shangazi yake hakuwa na wazimu, alikuwa akiomboleza kama watu wa kwao wanavyoomboleza. "Kunyamaza ndio ugonjwa," Ante alisema. "Alinyamaza hivi mara moja tu, akiwa mtoto, shule ya bweni. Mchungaji alimwekea mkono kichwani akamwambia anamwimbia shetani. Baba yangu anasema nusura wamzike."

Dative aliweka simu chini, akaenda chooni akajifungia. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa maombi, akaona heri ungeshika ufagio tu.

Nyumbani kwao Hallonbergen alimsimulia mumewe, Gratien, dereva wa basi, mtu ambaye hucheka kwanza kisha ndipo anasikiliza. Safari hii alisikiliza kwanza.

"Weye mama Belyse," alisema, "umemufanyia huyu mzee ile baba yako alimufanyia bibi yako. Sasa unataka na mimi nipige makofi?"

Hadithi ile Dative alimsimulia mwenyewe. Bibi yake, huko Mwaro, Burundi, aliwaimbia ng'ombe wake kila jioni wakati wa kukamua, mmoja mmoja kwa jina lake na sifa zake. Baba yake Dative alipookoka akamwambia mama yake mzazi kwamba zile ni nyimbo za kipagani. Bibi alitii. Alikaa mlangoni hasemi na mtu mpaka akafa, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba mama yao amekufa kwa amani.

Kwenye kikao cha wodi daktari alitangaza kwamba Ristin asipoanza kula mpaka Jumatatu, atatiwa mrija wa puani, na baada ya hapo atafutiwa kitanda katika nyumba ya wazee wasiojiweza. Kurudi kaskazini hakukutajwa. Mficha uchi hazai. Dative alisimama akasema yote: mlango uliofungwa, mkono, maombi, simu ya Ante. Alisema wazi kwamba mzee hakuponywa, alinyamazishwa, na aliyemnyamazisha ni yeye.

Alingoja kugombezwa. Gun-Britt alimwangalia kwa huruma isiyo na mwisho. "Dative mpenzi," alisema, "tunaiheshimu sana imani yako. Ni utamaduni wako." Na kwa kalamu yake akaandika kitu. Hata kosa lake mwenyewe Dative alinyang'anywa, likafungiwa ndani ya jalada jekundu.

Alichukua bakuli la uji, akaingia chumbani kwa Mama Ristin na kuuacha mlango wazi. Aliinama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mzee anavyoshikwa kwao. "Mama Ristin, nilikukosea," alisema. "Mume ni wako na wimbo ni wako. Sikuwa na haki."

Mama Ristin alitazama dirisha. Kuomba radhi ni dawa nzuri sana, ila mara nyingi humtibu anayeomba.

Basi Dative, kwa kukosa kitu kingine cha kutoa, akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa ng'ombe wa bibi yake, yule mwekundu mwenye pembe pana, wimbo ambao hakuwahi kuutoa mdomoni mwake tangu utotoni. Nusu ya maneno aliyasahau, na sauti ilimponyoka ikaelekea kwenye tenzi za kanisani. Aliimba vibaya, huku akilia. Waliokuwa wakipita koridoni walipunguza mwendo.

"Ni nani huyo?" Mama Ristin aliuliza. Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Ni ng'ombe wa bibi yangu."

Mzee alisikiliza tena kidogo, akatikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Huyo si ng'ombe. Huyo ni bibi yako. Mwache aingie, amesimama nje siku nyingi."

Kisha akavuta bakuli, akaonja uji, akakunja uso kwa jinsi ulivyopoa, akala. Alipomaliza alifumba macho na kumwita Juhan, na Dative akakaa pembeni mikono yake ikiwa mapajani.

Daktari aliandika kwamba dalili za mgonjwa zimerejea na kwamba mgonjwa anakula vizuri. Aliyaandika yote mawili katika mstari mmoja, na hayakumsumbua. Ila mtu anayekula hatiwi mrija, na mtu mwenye mpwa aliyekuja na gari kumchukua hatafutiwi kitanda, hivyo Mama Ristin akarudi kaskazini kabla ya theluji kukaza. Cheo cha utamaduni alivuliwa Dative akapewa Gitau wa jikoni, kijana wa Nairobi anayeogopa hata paka. Kanisani, Mchungaji Térence aliomba ushuhuda mwingine. Dative alisimama akasema ule wa kwanza ulikuwa wa uongo, na hapakuwa na vigelegele.

Jioni moja baada ya hapo alikuwa jikoni Hallonbergen akisonga ugali, akiimba chini kwa chini bila kujijua. Binti yake Belyse, ambaye husemeshwa Kiswahili akajibu Kiswidi, na ambaye wimbo wowote wa mama yake humfanya afunge mlango wa chumba chake, alitokea akaegemea mlango.

"Mamma, vem är det?" aliuliza. Mama, ni nani huyo?

Dative alizima jiko kwanza, akavuta viti viwili.